Saini Iliyochelewa

Sisi ni mume na mke. Tulifunga ndoa Desemba 1985, na makala haya tumeyaandika pamoja mezani kwetu, mmoja akishika kalamu na mwingine akisahihisha. Kwa hiyo mtatusikia tukisema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale kosa lilipokuwa la mmoja wetu. Tumekubaliana hivyo. Tunataka kuwaelezeni jambo ambalo kwa miaka mingi hatukulisema hata katika kikundi chetu cha sala: jinsi utaratibu uliopangwa ofisini ulivyoingia chumbani mwetu, na gharama tuliyolipa.

Siku ya kliniki

Tuliishi katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama alishona nguo na kulima karanga na uwele. Mtoto wa kwanza alizaliwa 1986, wa pili 1988, wa tatu Machi 1990. Uzazi huo wa tatu ulikuwa mgumu. Mama alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, akaongezewa chupa mbili. Mkunga alituita sote wawili akatuambia kwa upole kwamba tusipate mtoto mwingine kabla ya miaka mitatu kupita. Tuliitikia kwa vichwa. Hakutuambia tufanye nini ili miaka hiyo mitatu ipite, nasi tuliona haya kuuliza.

Mapema mwaka 1991 baba alichaguliwa kwenda mafunzoni katika mkoa mwingine. Mama alibaki na watoto watatu na lile neno la mkunga. Asubuhi moja alimfunga mtoto mgongoni, akatembea hadi kliniki ya mama na mtoto kuulizia uzazi wa majira, kama tulivyouita siku hizo. Muuguzi alimpokea vizuri, akamwuliza idadi ya watoto na mwezi wa uzazi wa mwisho, akaandika yote. Kisha akauliza, "Na mume wako yuko wapi?"

Alipojibiwa kwamba yuko masomoni, alifunga daftari.

"Basi mama, mwandikie. Ukileta saini yake nitakupa vidonge leo hiyohiyo. Bila saini, siku akija hapa kugomba, mimi nitasema nini?"

Hatumlaumu muuguzi yule. Aliogopa waume, na alikuwa na sababu ya kuwaogopa. Wala hatukuonyeshwa sheria yoyote iliyoandikwa. Ulikuwa ni utaratibu tu, ambao kila mtu aliukuta na kila mtu aliufuata. Mama alirudi nyumbani, akaandika barua, akampa mwalimu mmoja aliyekuwa akisafiri kwa basi.

Barua ilimfikia baba baada ya siku tisa. Hapa ndipo pagumu. Tuliisoma barua ile bwenini, tukaikunja, tukaiweka ndani ya kitabu cha saikolojia ya elimu. Tuliona tumedharauliwa. Tulijiuliza, kwa nini ameenda kliniki kabla ya kuomba ushauri? Watu wa kijiji watasema nini? Anataka dawa hizo za nini, na mumewe hayupo? Mkunga tulimsahau, na zile chupa mbili za damu tulizisahau. Barua ilikaa kitabuni wiki tatu. Haikuhitaji zaidi ya dakika moja na kalamu ya wino.

Mwishowe tuliitia saini na kuileta wenyewe mfukoni wakati wa Pasaka. Kliniki ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Ilipofunguliwa, baba alikuwa amekwisha kurudi chuoni, na mama alikuwa amekwisha kushika mimba.

Mtoto wetu wa nne alizaliwa mwanzoni mwa Novemba 1991, kabla ya wakati wake. Aliishi siku nne. Jua la Dodoma mwezi huo ni kali na ardhi ni ngumu kama tofali. Vijana wa jirani walichimba kwa zamu. Mama hakuwepo mazishini. Alikuwa amelala wodini, hajui kama yeye mwenyewe atarudi nyumbani. Alirudi baada ya wiki tatu.

Tulichokuja kukijua baadaye

Katika huzuni ile tulidhani jambo hili ni letu peke yetu. Baadaye, baba alipoanza kufundisha uraia na kusoma zaidi, tuligundua kwamba wakati mama amesimama mbele ya lile daftari lililofungwa, nchi nzima ilikuwa katikati ya mabadiliko.

Huduma hii haikuanza jana. Chama cha Uzazi na Malezi Bora, yaani UMATI, kina mizizi yake Dar es Salaam mwaka 1959. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alikwisha kuwaambia wana-TANU kwamba kuzaa hata wanyama wanazaa. Kulea na kusomesha ndiyo kazi ya binadamu. Wazee wetu walilisema hilo kwa maneno machache: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwaka 1974 serikali iliiingiza huduma hii katika kliniki za mama na mtoto. Hata hivyo, kliniki kuwa na vidonge ni jambo moja, na mama kupewa vidonge hivyo ni jambo jingine. Mlangoni palikuwa na masharti: uwe umeolewa, uwe na watoto wa kutosha, uwe na umri fulani, uwe na ruhusa ya mume. Utafiti wa 1991 na 1992 uliona kwamba katika kila wanawake 100 walioolewa Tanzania, kama 7 tu walitumia njia ya kisasa.

Mwaka 1992 serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu. Mwaka 1994 ulitoka mwongozo wa huduma za uzazi wa mpango, nao ulisema wazi kwamba kila mwanamume na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ana haki ya kupata maelezo na huduma, bila kujali idadi ya watoto alionao wala hali yake ya ndoa. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, mataifa 179 yalikutana Cairo, yakakubaliana kwamba jambo la uzazi liamuliwe na wenye kuzaa wenyewe, kwa hiari yao na kwa maarifa.

Tulipousoma mwongozo ule tulikaa kimya. Ulikuja miaka mitatu baada ya kaburi dogo.

Jambo jingine tulilojifunza ni kwamba sera huweza kuwafikia watu wa upande mmoja ikawapita wa upande mwingine. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa "Twende na Wakati". Wengi wenu mnamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Ndugu zetu wa Morogoro waliusikiliza mchezo ule wakacheka, kisha wakazungumza mezani mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza. Sisi wa Dodoma hatukuusikia hadi mwaka 1995. Tulidhani redio yetu ni mbovu. Miaka mingi baadaye tulisoma kwamba watafiti walikusudia mkoa wetu uachwe kwanza, ili wapime tofauti kati ya waliosikia na wasiosikia. Kwa utafiti huenda ilikuwa ni njia sahihi. Lakini sisi ndio tulikuwa wale wasiosikia.

Mara ya pili

Mwaka 1995 tulikwenda kliniki pamoja, safari hii kwa miguu minne. Muuguzi mwingine, kijana, aliomba tena barua ya mume. Baba alikuwa ameketi palepale kwenye benchi! Tulicheka, kisha mama akamwambia, "Mwanangu, utaratibu umebadilika, nami nataka nipewe hata kama huyu asingekuja." Yule binti alikwenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi na kadi. Hakuwa peke yake katika kutojua. Utafiti uliofanywa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wahudumu wengi nchini walikuwa bado wanaweka masharti ambayo mwongozo ulikwisha kuyaondoa. Karatasi hutoka wizarani siku moja, lakini huchukua miaka kufika kwenye daftari la zahanati.

Mama alianza na vidonge, akavisahau mara kwa mara, akahamia sindano ya miezi mitatu. Tusiwafiche: sindano ilimvuruga siku zake kwa miezi kadhaa, naye aliogopa. Tulirudi kliniki tukaelezwa kwamba jambo hilo huwatokea wengi na si hatari. Kama tusingeelezwa tungeacha. Tulipotaka mtoto mwingine tulisimamisha sindano, tukasubiri karibu mwaka mzima, maana mwili huchelewa kurudi baada ya sindano hiyo. Mtoto wetu wa mwisho alizaliwa 1998 akiwa na kilo tatu na nusu, na mama alitoka wodini siku ya pili akitembea.

Mzee mmoja wa kanisa alitujia na agizo walilopewa Adamu na Hawa la kuongezeka. Tulimheshimu, tukamkumbusha yule mjenzi wa mnara ambaye Bwana Yesu alimtaja katika Injili ya Luka, aliyepaswa kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Wenzetu Wakatoliki hufuata njia ya asili, ya kuzijua siku za mama, kama Papa Paulo wa Sita alivyofundisha mwaka 1968. Tunao majirani walioifuata kwa uaminifu na watoto wao wamepishana vizuri. Tulichokiona kwao ni kwamba njia hiyo nayo haiendi bila mume kukubali kusubiri. Njia yoyote mtakayoifuata, mume mwenye kiburi ataiharibu.

Neno la mkubwa

Tulidhani mambo hayo yamekwisha. Binti yetu wa pili ameolewa Shinyanga. Mwaka 2018 alikuwa na watoto wawili, na yeye na mumewe walikuwa wamepanga kupumzika. Mwezi wa Septemba mwaka huo Rais John Magufuli, akiwa ziarani Meatu mkoani Simiyu, alisema kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wasiotaka kufanya kazi ya kulisha watoto. Mwezi huohuo Wizara ya Afya ilisimamisha matangazo ya uzazi wa mpango ya redio na televisheni yaliyokuwa yakitolewa na mradi mmoja uliofadhiliwa na Marekani.

Zahanati hazikufungwa, na dawa hazikuondolewa. Mwongozo haukufutwa hata mstari mmoja. Lakini jioni hiyohiyo mama mkwe wa binti yetu alimwambia mbele ya wageni, "Umesikia? Hata Rais amesema. Wewe ni mvivu." Binti alitupigia simu akilia. Mumewe, ambaye walikuwa wamekubaliana, alianza kusitasita. Tuliona barua yetu ya zamani ikiingia tena kitabuni.

Safari hii baba ndiye aliyepanda basi. Alikaa na mkwewe chini ya mwembe, akamsimulia habari za kitabu cha saikolojia na kaburi la Novemba. Hakuwahi kumsimulia mwanamume mwingine. Mwaka 2020 binti yetu aliwekewa kijiti mkononi, na mumewe alimsindikiza.

Miaka minne baada ya kauli ile, mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan naye aliwahimiza wananchi wapunguze kasi ya kuzaa. Sensa ya mwaka huo ilikuwa imetuhesabu watu milioni 61.7, wakati sensa ya 1988 ilituhesabu milioni 23.1. Tulifurahi kuyasikia maneno hayo, lakini pia tulijiuliza: je, mama wa kijijini awe mvivu mwaka huu na mwenye busara mwaka ujao, kufuatana na nani amesimama jukwaani? Kwa kweli tumepiga hatua. Wastani wa watoto kwa mwanamke mmoja ulizidi 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Utafiti wa 2022 uliona 4.8. Lakini wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa 32 katika kila 100 kwenye utafiti wa 2015 na 2016, na 31 mwaka 2022. Hatuwezi kusema ni kauli moja iliyotusimamisha. Tunachosema ni kwamba tulisimama.

Wapo watakaosema kwamba basi serikali isijihusishe kabisa na uzazi. Tunaielewa hofu hiyo. Nchini China, sera ya mtoto mmoja iliyoanza karibu mwaka 1980 iliendelea hadi 2015, na kina mama wengi walilazimishwa kutoa mimba walizozitaka. Nchini Romania, Nicolae Ceaușescu alifanya kinyume: mwaka 1966 alipiga marufuku utoaji mimba, na dawa za kupanga uzazi zikawa hazipatikani, ili wanawake wazae zaidi. Wengi walikufa kwa kutoa mimba kwa siri hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1989. Mmoja alisukuma mlango ndani na mwingine akauvuta nje, lakini wote wawili walimwondoa mama kwenye mlango wake mwenyewe. Serikali tunayoitaka ni ile inayofungua mlango, inayoweka dawa rafuni na muuguzi aliyefundishwa, kisha inayokaa pembeni.

Rafu iliyo tupu

Mwaka 2025 ulipofika, kijiti cha binti yetu kilitimiza muda wake. Alikwenda kukibadilisha, akaambiwa katika kituo kimoja kwamba vijiti vimekwisha, achukue vidonge, arudi mwezi ujao aone. Safari hii hapakuwa na mume aliyegoma, wala mama mkwe. Muuguzi alikuwa tayari, na glavu amekwisha kuvaa.

Dawa hizi tunazipata bure katika vituo vya serikali, na kwa kuwa ni bure tulisahau kuuliza nani analipa. Sehemu kubwa ililipwa na wafadhili, Marekani ikiwa mmoja wa wakubwa wao. Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya nchi yake, na Julai mosi mwaka huo shirika la misaada la USAID lilifungwa rasmi. Katika ghala la mji wa Geel, Ubelgiji, zilikuwapo dawa za uzazi wa mpango zenye thamani ya karibu dola milioni 9.7 zilizokwisha kununuliwa, na mwezi wa Julai serikali ya Marekani ilithibitisha uamuzi wa kuziharibu. Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango lilieleza kwamba ndani yake mlikuwa na sindano zaidi ya milioni moja na vijiti zaidi ya 365,000 vilivyokusudiwa kuja Tanzania.

Tulisoma habari hiyo mara mbili. Mwaka 1991 saini iliyokosekana ilikuwa ya mwalimu mmoja aliye umbali wa safari ya basi. Mwaka 2025 ilikuwa ya mtu aliye ng'ambo ya bahari, asiyemjua binti yetu wala kijiji chake. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwezi wa Aprili mwaka 2001, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo nayo ni barua iliyokaa kitabuni mno.

Tunayowaomba

Ndugu waume, mkisikia mke ametaja jambo hili, msikilizeni siku hiyohiyo. Msiliweke kitabuni.

Kina mama, mwongozo haukudai saini ya mtu. Ushauri wa mume ni baraka, nasi twautafuta katika ndoa, lakini ushauri si kufuli. Mkitajiwa sharti msilolijua, ombeni kwa adabu muonane na mganga mfawidhi.

Wachungaji na wazee wa kanisa, mnapowafundisha wachumba kabla ya ndoa, tengeni hata saa moja kwa jambo hili. Sisi tulifundishwa mengi mwaka 1985, lakini kuhusu hili hatukuambiwa neno.

Na sote kwa pamoja, kila zahanati ina kamati yenye wajumbe kutoka kijijini. Tukaulize humo: katika mpango wa mwaka huu, halmashauri yetu imetenga fedha kiasi gani kununua dawa hizi? Wabunge huketi hapa Dodoma kila Aprili hadi Juni kujadili bajeti. Nyumba yao tunaiona tukienda sokoni. Si mbali kupeleka swali.

Binti yetu alipata kijiti chake baada ya wiki saba, katika kituo kingine, kwa nauli ya kwenda na kurudi ambayo si kila mama angeimudu. Katika wiki zile saba tulikuwa tukiamka usiku, mmoja akigeuka na kumkuta mwingine naye yuko macho, na hakuna aliyehitaji kusema anawaza nini.

Barua ile bado tunayo. Mwandiko wa mama umefifia, lakini saini iliyo chini yake inasomeka vizuri, pamoja na tarehe. Wajukuu wetu wakikua tutawaonyesha.